Mwaka Nilioruka na Nsimire

Tulimzika Nsimire siku ya mvua, na matope ya Bukavu hayaheshimu viatu vya msiba. Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwake Kadutu, tukaketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wanawake upande wa jiko, wanaume upande wa chupa. Mimi nilichagua kiti cha karibu na mlango wa jiko, maana nimeishi vya kutosha kujua kwamba maneno ya maana ya msiba husemwa huko, na sahani ya kwanza hutokea huko pia. Hapo ndipo Grâce, binti wa mdogo wangu, anayesoma udaktari na ambaye hujaribu kumfariji kila mtu kwa masomo yake, alinisogelea akanishika mkono. "Tantine," akasema, "unajua ku masomo banatuambiaka nini? Banavalisha batu babili kofia ya mafili, nyaya za umeme, bale batu banacheza pamoja, kisha banaangalia ubongo yabo mu mashini. Inaanza kutembea sawasawa. Hata kama banashindana, wakati ingine inafanya vile, juu kila moya anatafuta kujua mwenzake atafanya nini." Nikamwambia kwamba wataalamu wake wamechelewa, mimi na Nsimire tulilijua hilo tukiwa bado tunavaa sketi za bluu za shule. Halafu nikamuuliza: "Na kama moya anakufa? Mashini inaonyesha nini ku ule anabakia?" Grâce aliniangalia, macho yakamjaa maji. "Ile habayapima, Tantine," akajibu. Nikashukuru kwamba angalau hakudanganya.

Habari za ukoo wangu sitazileta hapa. Tulikuwa wengi, baba alikuwa mkali, mama alikuwa mkali kumshinda, inatosha. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka niliotimiza miaka kumi na sita, nilipokuwa katika shule ya bweni ya masera, yaani masista, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Chumba chetu cha kulala kilikuwa kirefu, vitanda vya chuma vimepangwa pande mbili, na madirisha yaliyokataa kufungwa vizuri, kwa hiyo baridi ya ziwa ililala nasi bila kuulizwa. Kilinukia sabuni ya kufulia, mafuta ya mawese ambayo wasichana walijipaka kwenye nywele kwa siri, na koti la mvua la mtu fulani ambalo halikukauka mwaka mzima. Katika chumba cha kulia tulikaa kwenye mabenchi marefu. Tulikula bugali ya muhogo na maharage, kesho yake maharage na bugali, na Jumamosi sombe, majani ya muhogo ya kutwangwa. Sambaza, zile dagaa za ziwani, zilifika siku za sikukuu, zimekaangwa hadi zinavunjika mdomoni, na siku hiyo hata wasichana waliogombana walipeana chumvi. Leo nikila sambaza katika hoteli nzuri, nazila kwa heshima, lakini sijapata tena ladha ile ya kuzihesabu kwa jicho kwenye sahani ya jirani.

Baada ya masomo tulicheza nzango. Kwa asiyeijua, nitaieleza upesi. Wasichana wawili husimama uso kwa uso, wengine wakiimba na kupiga makofi nyuma yao. Wote wawili wanaruka pamoja, na wakitua kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Mmoja amechagua kufanana: wa kuume kwa wa kuume, au wa kushoto kwa wa kushoto, pointi ni yake. Mwingine amechagua kupishana: miguu ikitofautiana, pointi ni yake. Ndiyo yote. Mtu anayepita nje ya ukuta husikia nyimbo na kelele, akadhani ni kurukaruka kwa watoto. Lakini ukiingia ndani unagundua kwamba miguu haina kazi kubwa. Kazi ni kuingia katika kichwa cha mwenzako na kumzuia asiingie katika chako.

Na mimi sikuingilika. Nasema bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo, kwamba shule nzima hakuna aliyeniweza. Niliwaangalia mabega, kwa sababu bega hutangulia mguu, na uso wangu niliufunga usionyeshe kitu. Masera Veronika, aliyesimamia michezo na aliyekuwa na filimbi kubwa kuliko mdomo wake, aliniita "le mur", ukuta, na nililipenda jina hilo. Sikuwa na rafiki wa karibu. Msichana anayeshinda kila siku huogopwa kuliko anavyopendwa, na kwa umri ule niliona kuogopwa kuwa ni aina ya heshima.

Nsimire alifika shule ikiwa imeshaanza. Alikuja kwa boti kutoka kisiwa cha Idjwi, na godoro lililofungwa kwa kamba ya mgomba na kikapu cha mananasi ambayo hayakufika jioni. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye nguo za msiba, kwa maana mama yake alikuwa amefariki kabla tu ya mwaka wa masomo. Hatukumuuliza mengi. Kwa muda mrefu alisimama kando ya uwanja akitazama, mikono nyuma, nami nikidhani hajui kucheza. Kisha alasiri moja msichana mmoja akaugua tumbo, pengo likabaki mbele yangu, na Nsimire akaingia bila kuitwa.

Alinishinda. Sikushindwa kwa bahati mbaya, nilishindwa vibaya, mbele ya watu. Kila mguu niliouwaza, yeye alikuwa ameshafika huko. Nikibadili nia nikiwa hewani, naye alibadili. Nilisikia kitu kama mtu ameingia chumbani mwangu na kuketi kitandani. Mchezo ulipokwisha nilimfuata kwenye bomba la maji, nimekasirika, nikamwambia: "Uko unaangalia nini kwangu? Mabega?" Akaendelea kunawa. "Siangalie kitu," akasema. "Ninakusikiaka." Nikamwambia siimbi ninapocheza, ninafunga mdomo. "Njo vile," akajibu, "lakini unapumuaka."

Nilikwenda kulala nimeudhika na pumzi zangu mwenyewe. Siku zilizofuata nilitafuta namna ya kucheza bila mimi mwenyewe kujua mguu ninaoutoa, ili naye asijue. Nikaipata kanisani. Tulikuwa tukiimba litania ya watakatifu mara nyingi kiasi kwamba tuliweza kuiimba tukiwa usingizini, na baadhi yetu tulifanya hivyo kweli. Nikaamua: mtakatifu mwanamume, mguu wa kuume; mtakatifu mwanamke, wa kushoto. Malaika niliwaweka upande wa wanaume bila kumuuliza padri. Nikaingia uwanjani na litania kichwani, nikaanza na Bikira Maria, kushoto, na nikapata pointi safi. Mikaeli, kuume. Gabrieli, kuume. Hapo tu ndipo nilipokumbuka jinsi litania ilivyopangwa. Wanaume wametangulizwa mbele, foleni ndefu, mitume wote kumi na wawili na wengine nyuma yao, na wanawake, Agata na wenzake, wanasubiri huko mwisho kabisa. Nilikuwa nimejihukumu kutupa mguu wa kuume mpaka jua lizame. Ningeweza kuacha, lakini nilikuwa nimejiapia, na isitoshe nilihisi kama kumruka Mtakatifu Andrea ni dhambi. Nsimire aliniangalia, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha akaanza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. "Faida," akasema kwa sauti mbele ya wote, "Agata iko mbali sana!"

Wengine hawakuelewa. Mimi nilicheka mpaka nikaketi chini kwenye vumbi. Nadhani urafiki wetu ulianza pale, ingawa hatukuuita hivyo. Tuliendelea kushindana kila siku, kwa ukali, na kadiri tulivyoshindana ndivyo tulivyozidi kufanana. Tuliinuka mezani kwa wakati mmoja. Jumamosi tulipangwa kutwanga sombe pamoja jikoni, michi mitatu katika kinu kimoja, mimi, yeye na Maman Kabibi mpishi, na mchi haukugusa mchi hata tulipokuwa tunaongea. Grâce anasema huko kwao wanatofautisha watu wakishirikiana na watu wakishindana, wanapima hili kisha wanapima lile. Kwetu nisingeweza kukuonyesha mpaka ulikuwa wapi. Siku ambazo Nsimire alikuwa mgonjwa, nilimshinda kila mtu, na ushindi haukuwa na chumvi.

Kisha ikaja habari ya Kamanyola. Parokia ya huko, chini kwenye tambarare ya Ruzizi, ilikuwa inaandaa sikukuu, na shule yetu ilialikwa kupeleka timu ya nzango. Lori lilikuwa dogo. Masera Veronika aliwachagua wachezaji wa miaka iliyotangulia, ikabaki nafasi moja, ya mchezaji wa mwisho, yule anayefunga mechi. Akatangaza katika chumba cha kulia, kijiko kikigonga bilauri, kwamba mimi na Nsimire tutaicheza Jumapili baada ya misa, na atakayeshinda ndiye atakayepanda. Niliitaka nafasi ile kama mgonjwa anavyotaka maji. Sikuwahi kushuka milima ya Ngomo. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kule ardhi imelala chini kabisa, unaweza kumwona mtu anakuja na ukamaliza kula kabla hajafika.

Asubuhi ya Jumapili hiyo Masera alinituma jikoni kuomba chumvi ya kusukutua koo. Nilipofika nyuma ya kuni nikasikia sauti ya Maman Kabibi, nikasimama. Sikusimama kwa nia mbaya. Nilisimama kwa sababu nilisikia jina langu.

"Na kama Faida anakushinda?" Maman Kabibi alikuwa anauliza.

"Hawezi kunishinda leo," Nsimire akasema. "Nilishatuma habari kwa dada yangu Mapendo. Maman moya ule anauzishaka nyanya alimupelekea. Nilimuambia: siku ya sikukuu, uje ku uwanja, nitakuwa mu ekipe."

"Ulituma habari mbele ya kushinda? Weye mutoto!"

"Tangu mama alikufa hatuyaonana, Maman Kabibi. Hakufika ku kilio. Alikuwa ametoka kuzala, na barabara ilikuwa imekatika. Miye nililia yangu kule Idjwi, yeye alilia yake kule Kamanyola. Hatuyalia pamoja."

Kijiko kikakwaruza sufuria. Mimi nikarudi bila chumvi.

Watu wameniuliza kwa nini sikwenda moja kwa moja kwa Masera kumwambia, mpe yeye. Jibu la kweli ni kwamba bado niliitaka ile nafasi. Niliingia uwanjani nikiwa nimeamua kushinda, na huruma nimeiweka pembeni. Shule yote ilikuwepo, hata masera wazee waliletwa na viti vyao. Mimi nilichagua kufanana, Nsimire kupishana. Kwa desturi yetu huwezi kushinda kwa pointi moja, sharti umwache mwenzako kwa mbili, na sisi hatukuachana. Yangu, yake, yangu, yake, nyimbo zikipanda. Ikafika mahali niko mbele kwa moja, imebaki moja nimalize. Nikamtazama Nsimire usoni, na kwa mara ya kwanza mwaka ule, ukuta wake ulikuwa chini. Aliogopa. Hakuniogopa mimi, alimwogopa mwanamke aliyesimama kando ya uwanja wa mbali akitazama lori likishusha watu, na mdogo wake asiwemo. Niliona hayo kama ninavyoona mkono huu. Hapo hapo nia yangu ikageuka. Nikajua anatoa wa kushoto, nami nikatoa wa kuume. Pointi yake.

Watu walipiga kelele. Nsimire hakufurahi. Alinikazia macho, na nikajua amejua. Nilifikiri nimemficha, lakini unamfichaje mtu anayekusikia ukipumua? Mruko uliofuata alinirudishia pointi. Nami nikampa tena. Akanirudishia tena. Hebu fikirini: kila mmoja alikuwa anapigana kwa nguvu zake zote ili ashindwe, na kwa macho ya watu ilikuwa mechi kali kuliko zote walizowahi kuona. Wasichana walilia, Masera Veronika alipuliza filimbi bila sababu. Hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tunasukumiana zawadi ileile, yeye akikataa kuhurumiwa, mimi nikikataa kukataliwa.

Tulikuwa sawa tena, jasho linaingia machoni, nilipomwona midomo yake inacheza. Hakutoa sauti. Lakini nilisikia, wallahi nilisikia: Mtakatifu Petro, utuombee. Tuliruka, na mguu wangu wa kuume ukatoka kabla sijaamua chochote, ukakutana na wake wa kuume. Mtakatifu Paulo, utuombee. Nilipambana nao ule mguu hewani, nikauambia kushoto, kushoto, lakini mwili ulikuwa umeshaitika kama unavyoitika kanisani. Kuume kwa kuume. Pointi mbili. Wakaninyanyua juu, na kutoka mabegani mwa watu nikamwona Nsimire akitembea polepole kuelekea kwenye mabomba.

Nilimkuta anafua. Nikamwambia: "Juu ya nini umefanya vile? Nilikuwa ninakupa."

"Niliona."

"Na dada yako?"

Akajua kwamba nilisikia jikoni. Alikamua nguo mpaka ikaacha kutoa maji. "Kwa dada yangu sikutaka kufika juu ya huruma ya mutu," akasema. "Utaenda weye. Utamuambia kama niko muzima, ninakula, ninasoma." Kisha akaweka nguo begani, akajifuta macho kwa mkono uliolowa. "Hapana kumuambia kama nililia," akasema, akaondoka. Walikuja kuonana baadaye, wakati wa likizo kubwa, lakini hayo ni yao, siyagusi.

Tulishuka Kamanyola tumesimama katika lori, tukishikana viuno kwenye kona. Joto lilitupokea kabla ya watu. Walitupa wali na nyanya nyingi, na maji yenye ladha ya chuma. Katika kila mwanamke aliyebeba mtoto nilitafuta uso wa Nsimire, na sikuupata. Nikajiambia labda hakuja, nikafurahi kwa aibu, kwa sababu sikuwa na maneno ya kumwambia. Nilicheza wa mwisho, mgongo wangu ukielekea wenyeji. Tulishinda, kama mnataka kujua.

Sijamaliza kushusha pumzi nikasikia sauti nyuma yangu, sauti ya mtu anayekimbia huku analia. "Nsimire! Nsimire yangu, umekomaa vile!" Mikono miwili ikanishika kwa nyuma, ikanibana, na nikasikia miguu ya mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni mwake ikigusa mbavu zangu pande zote. Alikuwa ameweka uso wake kwenye shingo yangu. Sikugeuka mara moja. Kwa kitambo kidogo nilimwacha awe na mdogo wake. Kisha nikageuka, nikaona uso ukifunguka na kufungwa.

"Weye haiko Nsimire."

"Hapana, dada. Miye ni Faida. Nsimire iko muzima. Alibakia Bukavu, iko anasoma."

Hakuonekana kusikia. Alikuwa ananitazama mkono, kiwiko changu cha kushoto. "Nani alikufundisha ile?" akauliza. "Kuvuta kiwiko mbele ya kutupa mguu. Mama yetu njo alirukaka vile, ku lupango yetu, mbele ya nyumba, Idjwi. Peke yake. Alitufundisha miye na Nsimire, hakuna mutu mwingine mu dunia." Nikatazama kiwiko changu kama ni cha mtu mwingine. Sikuwa nimejua kamwe kwamba ninakivuta. Nilimwambia hakuna aliyenifundisha, nilicheza tu na Nsimire kila siku. Mapendo akafungua kitenge, akamtoa mtoto mgongoni, akampa jirani. Akasimama mbele yangu. "Ruka," akasema.

Hakuna aliyeimba. Alipiga makofi mwenyewe, machozi yakimshuka hadi kidevuni, akavuta kiwiko, nami nikavuta changu. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke yule kabla ya siku ile, na nilijua mguu atakaoutoa kabla haujaondoka ardhini. Tukatua, wa kushoto kwa wa kushoto. Hapo Mapendo akanishika mabega akaanza kumlilia mama yake kwa sauti, kwa lugha ya kwao, kama wanavyolia watu kilioni, akimwita kwa majina yake yote; na mimi, ambaye mama yangu alikuwa mzima kabisa huko Bukavu, nikamlilia pamoja naye.